Ejo Gani?

"Sindano, Sindano, hapa Kinyonga. Unaona nini?"

"Mbuzi tatu na mutu wa kuuza vocha."

"Endelea kuangalia."

Saliha akairudisha redio ya Motorola chini ya kitenge chake na kuendelea kuwatazama mbuzi. Ilikuwa saa tatu na dakika ishirini asubuhi, Kanyosha, pembezoni mwa Bujumbura, kwenye kona ambapo barabara ya lami inapokea njia ya vumbi inayopanda kutoka ziwani. Sindano alikuwa yeye. Kinyonga alikuwa Astère, mkuu wake, aliyeketi Nyakabiga juu ya duka la fotokopi, ambako Kitengo chao cha ujasusi kilikuwa kimejificha kwa miaka sita bila jirani kujua lolote. Mwenye duka alidhani wapangaji wake wanauza bima, na kila mwisho wa mwaka aliwaomba kalenda.

Leo walikuja kupima uwanja tu. Mtego wenyewe ulikuwa wa kesho.

Ndivyo walivyoamini.

Alfajiri hiyo, saa kumi na moja, simu ya Saliha ilikuwa imepokea ujumbe wa Ilias, fundi magari wa Jabe, aliyekuwa akimletea habari za magendo kwa miaka miwili. Maneno manne tu.

*Frigo sita. Kanyosha. Ejo.*

Saa moja, Ilias aliokotwa mtaroni akiwa na risasi shingoni. Saliha hakupata nafasi ya kulia. Alimsomea Fatiha ndani ya gari, injini ikinguruma, akaenda kumweleza Astère maana ya ujumbe ule. Ejo, yaani kesho. Astère, Mrundi wa Gitega asiye na doa, alitikisa kichwa kukubali. Mambo yakawa yamekwisha.

Frigo wote wawili walizijua. Ilias alikwisha kuwaambia kwamba baruti itasafiri ndani ya majokofu, na kwamba mwenye baruti ni Drexel, mgeni ambaye hakuna mtu wa Kitengo aliyewahi kuiona sura yake. Kwa miaka kumi na mitano Drexel alipitisha dhahabu katika maghala ya zamani ya pamba kando ya bandari, bila kuulizwa jina wala kupimiwa mzigo. Sasa maghala hayo yalikuwa yamepakwa rangi na kufungwa mitambo, yakaitwa Mtaa wa Ubunifu. Vijana wangepata karakana, maabara na intaneti isiyokatika. Wageni kutoka Kigoma, Uvira na Mpulungu walikuwa wamekuja kutia saini ya kuziunganisha bandari zao na mtaa huo, ili kitu kinachobuniwa Bujumbura kiuzwe ziwa zima.

Drexel alitaka ukumbi wa kutilia saini hiyo ulipuke mara moja tu. Baada ya hapo hakuna ambaye angeweka hata tofali pale kwa miaka thelathini, na maghala yangerudi kuwa maghala.

Sherehe ilikuwa leo, saa nne. Mzigo ulikuwa kesho. Kwa hesabu hiyo watu wa leo walikuwa salama, na Kitengo kikahamishia kila kitu Kanyosha: watu, mitambo, na Massoudi, mtegua mabomu wao wa pekee. Ukumbini walibaki walinzi wawili na utepe wa kukata.

Na Khadidja.

Khadidja alikuwa mdogo wake Saliha, tumbo moja. Alikuwa amesomea umeme, akabuni jokofu la jua la kuhifadhia ndagala na mukeke ili wachuuzi wasiendelee kumwaga samaki kila jioni. Leo alikuwa akilionyesha mbele ya watu mia tatu. Alikuwa amemwalika dada yake, na dada akasema ana mzigo wa vitenge wa kupokea sokoni Jabe. Uongo huo alikuwa ameutumia mara nyingi hata ulianza kunuka.

Saliha akavuka barabara hadi kwenye duka dogo la maharagwe na sabuni. Mwenye duka, mama mnene aitwaye Daphrose, alikuwa akipepeta. Saliha akanunua sabuni asiyoihitaji, akaanza kumchimba taratibu kama anayepiga soga.

"Maman, nasikia kuko frigo za kuuzisha zitapita hapa kesho. Utaniwekea moja?"

Daphrose akacheka mpaka ungo ukatikisika. "We umechelewa. Frigo zilikuya ejo."

Mkono wa Saliha ukasimama juu ya sabuni.

"Ejo gani?"

"Ejo yenye imepita, maman. Si ya kesho. Walizishusha hapa, wakaziweka mu kamyo ingine. Sita. Moja inabebwa na wanaume ine, na wanalia."

Kirundi kina neno moja kwa jana na kesho. Ni kitenzi kinachomwambia msikilizaji kama siku imepita au inakuja. Ilias, aliyeandika huku akifuatwa, hakuweka kitenzi. Mtu wa kwingine angeuliza. Mtu wa Bujumbura haulizi, kwa sababu kila mmoja huweka kitenzi chake mwenyewe kichwani na kuapa kwamba amekisikia.

Saliha alikuwa ameweka chake.

"Zilikuwa na alama?" aliuliza, na sauti yake mwenyewe ikamjia kwa mbali.

"Picha ya jua. Na samaki mbele yake."

Alama ya Khadidja.

Sabuni ikabaki mezani.

"Kinyonga, hapa Sindano. Ejo ni jana. Narudia, ejo ni jana. Ziko ndani ya ukumbi. Mbele ya Khadidja."

Astère akaongea haraka, na kila alichosema kilifunga mlango mmoja. Hawezi kuamuru watu wakimbie, maana Drexel au mtu wake lazima yuko pale anaangalia, na akiona mbio atabonyeza simu. Hawezi kuyaambia makampuni ya simu yazime mawimbi bila barua ya waziri, na waziri yuko ndani ya ukumbi huo huo, simu imezimwa. Kutia saini ni saa nne na robo. Watu wote watakuwa wamesongamana mezani wakati huo, na meza iko hatua tano kutoka kwenye majokofu.

"Na mashine ya kuziba rezo?" Saliha aliuliza.

"Uko nayo we. Mu gari yako."

Alikuwa nayo kweli. Kisanduku cheusi, kilo kumi na nne, chenye pembe nne za mpira. Kikiwashwa, hakuna simu inayopokea chochote ndani ya mita sitini. Betri yake ilikuwa imezeeka na barua ya kuomba nyingine ilikuwa na mihuri saba bila jibu. Betri hiyo ilidumu dakika tisa.

Massoudi alikuwa kilomita tatu juu, akipima kona kwa miguu. Kumngoja kulikuwa sawa na kuchimba makaburi. Magari mengine mawili ya Kitengo hayakuwa na tone la mafuta, kwani ilikuwa wiki ya nne mji mzima haujaona esansi. Ilibaki Hilux ya Saliha, na mshale wake ulikuwa umelala kwenye nyekundu.

Aliwasha.

Akaomba dua na kukanyaga.

Alivuka daraja la Muha kama mtu aliyeibiwa. Alipita kituo cha mafuta ambapo magari yalikuwa yamepangwa mistari miwili, madereva wakicheza karata juu ya boneti, wengine wamelala hapo tangu juzi. Alimpigia Khadidja mara nne. Simu iliita bila kupokewa. Kila mara alimsikia mdogo wake kwenye ujumbe wa sauti, mchangamfu, akisema acha neno nitakupigia, na kila mara Saliha alikata akimtukana kwa mapenzi yote aliyokuwa nayo.

Saa tatu na dakika hamsini na tatu Hilux ikakohoa.

Ikakohoa tena.

Ikafa katikati ya barabara ya bandari, kilomita moja kabla ya maghala.

Hakupoteza hata tusi. Akashika kisanduku kwa mikono miwili, akakipandisha kichwani kama mwanamke yeyote mwenye mzigo wake, akakimbia. Bastola yake ya Glock ilikuwa ikimgonga kiunoni chini ya kitenge. Wapagazi wa bandari walimpisha, mmoja akamuuliza mama anauza nini. Shingo ilimuuma, macho yakajaa jasho, na akilini mwake hakukuwa na Mtaa wa Ubunifu wala ziwa wala dhahabu. Kulikuwa na Khadidja tu, akiwa na miaka saba, akifungua redio ya baba kwa kisu cha jikoni.

Saa nne na dakika tano aliingia kwa mlango wa nyuma. Mlinzi akakitazama kisanduku, akakitazama kitenge, akamuonyesha jikoni. Wakati mwingine dharau ya watu ni kitambulisho bora kuliko kile cha serikali.

Chumba cha umeme kilikuwa hapo kando. Akashusha swichi kubwa.

Ukumbini watu mia tatu wakatoa "aaa" moja ndefu, bila woga. "Umuriro wagiye," wakaambiana, wakaanza kujipepea kwa karatasi za ratiba. Bujumbura hakuna anayekimbia kwa sababu umeme umekatika. Angekimbia kila siku.

Saliha akaambaa ukuta hadi kwenye banda la Khadidja. Majokofu saba yalikuwa yamepangwa, sita mapya yaliyoundwa kiwandani kwa mfano wake, yaking'aa, na moja dogo la zamani lenye kutu, lile ambalo Khadidja alilitengeneza kwa mikono yake. Akakisukuma kisanduku nyuma ya yale sita na kubonyeza. Taa nyekundu ikawaka. Akabonyeza na saa yake ya Casio ianze kuhesabu.

Dakika tisa.

Khadidja aligeuka, kilemba chake cha njano kikimulika gizani. Saliha alimshika mkono na kumwambia yote kwa pumzi moja: baruti, simu, mtu asiyejulikana, kisanduku.

"Na mi si wa vitenge," akamalizia.

"Najua. We bei ya kitenge hauijuaka hata." Midomo ya Khadidja ilikuwa imekauka. Aliyatazama majokofu sita. "Nilisema ni mazito juu ya kuwa ni mazuri. Nilimushukuru mutu wa kuyaleta."

"Toa watu. Bila kukimbia. Na we utoke nao."

Khadidja akapanda juu ya kiti. Sauti yake ilitoka imara, Mungu ajuaye aliitoa wapi. Aliwaambia wageni kwamba umeme wa jua haukatiki, kwamba maonyesho yataanzia uani, na kwamba uani kuna Fanta baridi.

Hakuhitaji kurudia. Mabalozi, walimu, wafanyabiashara na waziri mwenyewe waliinuka na kuelekea kwenye Fanta kwa heshima, kila mmoja akimpisha mwenzake huku akimtangulia. Wengi walitazama simu zao, wakaona rezo haipo, wakazirudisha mfukoni. Rezo nayo hupotea kila siku.

Mtu mmoja hakuirudisha.

Alikuwa na suti ya buluu na nywele za kijivu zilizokatwa vizuri. Aliinua simu juu, akaishusha, akaitikisa. Jasho lilimtiririka. Watu mia tatu walikwenda kwenye Fanta. Yeye alikwenda upande wa pili, kwenye lango la bandari, akikaza mwendo.

Drexel.

Saliha akamfuata.

Nje jua lilimpiga usoni. Suti ya buluu ilikuwa mita mia mbili mbele, ikipenya kati ya makontena, mkono mmoja sikioni. Hakuweza kufyatua, wapagazi walikuwa wamejaa njia nzima na magunia yao ya saruji. Drexel alijaribu simu, akasikiliza, akatoa laana, akajaribu tena. Alidhani tatizo ni mawimbi ya upande wake. Hakujua kwamba tatizo liko nyuma ya majokofu, na kwamba lina dakika sita za kuishi.

Alitafuta mahali pa juu. Akaliona tangi la maji la zamani, limesimama kwa miguu ya chuma, ghorofa nne kwenda juu. Akapanda ngazi.

Dakika nne.

Saliha alifika chini ya ngazi mapafu yakiwaka. Akavua viatu, akapanda kwa nyayo tupu ili chuma kisimsaliti. Kutoka katikati ya ngazi aliweza kuuona ua wote. Aliwaona wageni na chupa zao. Akatafuta kilemba cha njano.

Akatafuta tena, mstari kwa mstari.

Hakikuwepo.

"Khadidja," alisema kwa sauti ndogo. "We mutoto, toka."

Alijua papo hapo kwamba hatatoka. Alikuwa amemwachia mhandisi mashine yenye betri mbovu na kudhani ataiacha kama alivyoikuta.

Dakika moja.

Akapanda haraka, akakosea ngazi, goti likagonga chuma. Ngoo! Drexel akageuka. Bastola ilitoka kwenye suti ya buluu, risasi ikapita sikioni mwa Saliha na kuchana kitenge begani. Saliha akajibana nyuma ya mguu wa tangi, mkono mmoja kwenye ngazi, miguu ikining'inia. Casio ikalia.

Dakika tisa zilikuwa zimekwisha.

Drexel aliisikia saa ile na kuelewa. Akatabasamu.

"Umechelewa, dada," alisema kwa Kiswahili safi cha pwani, na akabonyeza.

Saliha alifumba macho. Hakuwa jasusi wakati huo, wala Sindano wala chochote. Alikuwa dada mkubwa aliyesoma neno moja vibaya. Alingoja mlio. Alimwomba Mwenyezi Mungu uwe wa haraka, na Khadidja asisikie kitu.

Akangoja.

Chini, mtu uani alicheka. Chupa zikagongana.

Kutoka kwenye simu ya Drexel ilisikika sauti ya mwanamke wa kampuni, laini na yenye adabu, ikimfahamisha kwamba nambari aliyopiga haipatikani kwa sasa.

Drexel aliitazama simu kana kwamba imemtukana. Kidole kikarudi kwenye kibonyezo.

Saliha akafumbua macho. Glock ikapiga mara moja.

Risasi ilipita kwenye kiganja, na simu ikaanguka ghorofa nne hadi kwenye zege. Alipanda ngazi zilizobaki, akamkanyaga mkono wa bastola, akamfunga pingu kwenye chuma cha tangi. Drexel alianza kumtajia kiasi ambacho angeweza kumpa. Saliha hakumsikiliza hadi mwisho. Alikuwa tayari ameshuka nusu ya ngazi, akimwambia Astère redioni atume watu wa kumchukua.

Ukumbi ulikuwa mtupu na wenye giza. Taa nyekundu ya kisanduku ilikuwa bado inawaka.

Khadidja alikuwa ameketi sakafuni kati ya majokofu, mgongo ukiegemea lile dogo la zamani, mlango wake wazi na betri yake nje. Hakuwa na plagi inayolingana, kwa hiyo alikuwa amechuna nyaya mbili kwa meno na kuzibana kwenye mashine kwa vidole. Nyaya zilikuwa zimepata moto. Harufu ya ngozi iliyoungua ilikuwa imejaa banda zima.

"Umemupata?"

"Nimemupata. Achia sasa."

"Apana." Machozi yalikuwa yakimtoka bila kuyafuta. "Simu iko ndani. Mutu yeyote akiipiga kwa makosa, hata ile meseji ya kampuni ya kusema ununue bando. Mpaka Massoudi wenu afike."

Alikuwa sahihi. Saliha alitaka kuzishika nyaya yeye, na Khadidja akakataa kwa kichwa. Zikicheza kidogo tu taa itazimika. Basi akaketi sakafuni kando yake. Hakuna kingine alichoweza kufanya, na kwa mtu wa kazi yake hilo lilikuwa gumu kuliko ngazi. Akaupitisha mkono nyuma ya mgongo wa mdogo wake, akamfuta uso kwa kipande cha kitenge. Alimwambia habari za Ilias, na za lile neno. Alisema waziwazi kwamba ni yeye aliyelisoma vibaya, kwamba kama Khadidja angekufa leo, muuaji angekuwa yeye.

"Mama asijue," Khadidja alisema. "Hizi frigo na hii kazi yako, vyote. Ataniambia nirudie kushona."

Wakacheka, na cheko lilitetemesha nyaya, taa ikapepesa. Wakanyamaza ghafla, wote wawili wakiwa wamezuia pumzi. Taa ikatulia.

Massoudi alifika baada ya dakika arobaini, amening'inia kwenye lori la taka la mji, gari pekee lililokubali kumbeba. Alifungua jokofu la kwanza na kutoa simu ya tochi iliyofungwa kwa gundi. Akakata waya. Akaenda la pili. Akaendelea hadi la sita, kisha akaketi chini na kuomba maji.

"Basi," alimwambia Khadidja. "Imekwisha. Achia."

Khadidja alitaka kuachia. Vidole vilikataa kufunguka. Saliha akaishika mikono ile na kuvifungua kimoja kimoja, taratibu, kuanzia kidole kidogo, huku akimwambia maneno ambayo mtu humwambia mtoto anayeng'olewa jino. Waya wa mwisho ulipodondoka, mtu fulani katika chumba cha umeme aliona swichi imeshuka, akaipandisha.

Ukumbi ukajaa mwanga. Kule uani watu mia tatu wakashangilia na kupiga makofi, kama wanavyofanya umeme unaporudi.

Wakaanza kuingia. Meza ya kutia saini ikafutwa vumbi. Mgeni wa Kigoma aliuliza kwa sauti yuko wapi yule binti wa majokofu, maana wamemngoja sana. Khadidja alisimama, akanyoosha kilemba, akaificha mikono yake nyuma ya mgongo na kwenda kuwaeleza jinsi jua linavyoweza kumtunza samaki.

Saliha alimsikiliza kwa dakika moja akiwa mlangoni, kitenge kimechanika begani, nyayo tupu. Hakuna aliyemuuliza yeye ni nani. Kisha akabeba kisanduku chake kichwani na kutoka kwa mlango wa jikoni.